Aliyepiga Tupa Chini ya Kwapa

Nilimpindua miguu juu. Kabla sijamtazama uso, kabla sijasoma kadi yake, nilimwomba ruhusa kijana aliyekuwa akilinda chumba, akaitikia kwa kichwa, nikamshika yule mwanamke wa shaba kiunoni na magotini na kumgeuza ili nione ndani ya kitako alichosimamia. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Yu uchi, ametoka kuoga, ameinua mkono mmoja anakamua nywele.

Ilikuwa siku ya maonyesho katika Hôtel Drouot, nyumba ya minada iliyoko namba 9 mtaa wa Drouot, Paris, ambayo imekuwa ikiuza mali za watu tangu 1852. Wengi wetu tunaoishi huku hatujui kwamba mlango ule uko wazi kwa kila mtu. Huulizwi kitambulisho wala kiingilio. Siku moja kabla ya mnada vitu hupangwa vyumbani, nawe unaweza kuvishika, kuvigeuza, kuvuta droo za makabati, kukunja pembe za mazulia. Makumbusho watakukataza usiguse. Drouot mnunuzi makini hugusa kwanza. Mimi huenda siku ya mapumziko, kama wengine wanavyokwenda kariakoo ya kwao kutembeza macho.

Nyuma ya kitako, kwa herufi ndogo zilizopigwa ndani ya shaba, palikuwa na alama: ALEXIS RUDIER, FONDEUR, PARIS. Maana yake Alexis Rudier, mmiminaji, Paris. Nilipoiona nilimkumbuka baba.

Baba yangu ni mmiminaji. Kwa zaidi ya miaka thelathini, uani kwetu Dar es Salaam, amemimina sufuria, mifuniko, miguu ya majiko na vishikizo vya milango, akitumia pistoni na vichwa vya injini vilivyochakaa. Hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo feni ya kupulizia moto ilikuwa yangu tangu nikiwa darasa la nne. Najua mchanga wa kumiminia unavyotakiwa kuwa: una udongo kiasi, una unyevu kiasi, ukiufumbata na kuuachia unabaki donge lenye alama za vidole vyako. Najua kuchuja, kushindilia, kutoboa njia ya hewa. Kazi yangu ya mwisho kila jioni ilikuwa tupa na msasa, kuondoa mabaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Nina shoto. Baba aliweza kuokota sufuria katikati ya rundo na kusema hii umeisugua wewe, kwa jinsi mistari ya tupa ilivyolala.

Kwa hiyo nilimtazama yule mwanamke kwa vidole. Niliingiza kidole ndani ya kitako, nikapapasa ukuta wa shaba: mwembamba, unene unaolingana, kazi ya mtu asiyepoteza mali. Nikafuata bega hadi kwapani, na humo ndani, mahali ambapo hakuna mteja angechungulia, nikakuta nilichokuwa nikikitafuta. Mkono ule ulioinuliwa ulimiminwa peke yake, ukaja kuunganishwa na mwili, na mshono ukasuguliwa. Kila mahali pengine ngozi yake ilikuwa laini. Kwapani kulikuwa na mistari ya tupa.

Nilipiga picha tatu: alama ya Rudier, ndani ya kitako, na lile kwapa kwa karibu. Sikumpiga mzima. Baba ni mtu wa swala tano na mimi ni binti yake, na kuna picha ambazo mtoto hamtumii mzazi hata kama mwenye mwili ni wa shaba. Nikamtumia kwa simu na salamu zangu. Jioni ikaja sauti yake.

"Marahaba, mama. Nimeziona. Huyo amemiminwa kwa mchanga, kama sisi. Mkono umeungwa, lakini ameunga fundi kweli kweli. Sasa niambie mambo mawili. Aliyemimina ni nani? Na huyo mwanamke mwenyewe ni nani, ana kwao?"

Nikarudi kwenye picha ya kadi. Kadi ilitaja mchongaji, mtu wa daraja la pili ambaye hata vitabu vya hapa vinampitia mbio. Ilitaja jina la sanamu, *Baigneuse*, yaani mwogaji. Ilitaja rangi ya shaba, kahawia yenye vivuli vya kijani, urefu kwa sentimita, alama ya kiwanda, mkwaruzo mmoja kwenye kitako, na makadirio ya bei, euro 3,000 hadi 4,000. Mkwaruzo ulikuwa umeandikwa. Mwanamke hakuandikwa.

Swali la kwanza la baba nilidhani ni rahisi, kwa kuwa alama ilikuwa mbele yangu. Si rahisi. Alexis Rudier alifariki 1897. Sanamu nyingi mno zenye jina lake zilimiminwa baada ya yeye kuzikwa. Mwanawe Eugène alirithi kiwanda na hakubadilisha alama. Kuanzia 1902 ndiye aliyemmiminia Auguste Rodin, mchongaji mkubwa kuliko wote wa zama zile, na baadaye Aristide Maillol na wengine wengi, na kila kipande kilichotoka mikononi mwa mafundi wake alikipiga jina la baba yake. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwenyewe mwaka 1952. Miaka hamsini na mitano mtoto anafanya kazi na sifa anamwandikia marehemu. Kwenye kaburi la Eugène, huko Le Vésinet nje ya Paris, imesimama shaba ya Rodin iitwayo *Kivuli*, mtu aliyeinamisha kichwa hadi begani. Nimesoma habari za wasanii wengi wa Ufaransa na sijaguswa na yeyote kama huyu ambaye hakuwa msanii, ambaye alikuwa mmiminaji kama baba.

Hata hivyo Eugène naye alikuwa bwana wa kiwanda. Waliopondaponda mchanga, waliobeba chungu chenye shaba iliyoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, waliosugua mishono, wale walikuwa watu wengine. Mchanga mashuhuri wa wamiminaji wa Paris ulitoka Fontenay-aux-Roses, kijiji ambacho leo ni kitongoji unachofika kwa treni. Niliposoma kwamba ulipendwa kwa sababu una udongo unaoushikamanisha, nilijiona niko uani nikifumbata donge.

Alama hiyo ya Rudier imeleta pia dhambi kubwa. Kwa kuwa inapandisha bei, waghushi wameipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 polisi wa Ufaransa walikamata tani kwa tani za shaba za kughushi, na nyingi zilikuwa za Rodin zenye jina la Alexis Rudier. Njia ya mghushi ni kuchukua sanamu halali, kuitengenezea kalibu, na kumimina nyingine. Lakini shaba ikipoa husinyaa, kwa asilimia moja na nusu au mbili. Sanamu iliyoigwa kutoka kwenye shaba nyingine hutoka fupi kidogo, kidogo tu, na ndiyo maana mtaalamu huja Drouot na rula yake. Baba alinifundisha hilo nikiwa mtoto, siku jirani alipotaka sufuria pacha ya ile aliyoletewa kutoka Zanzibar. Baba alimwambia mapema: nitakutolea, lakini mfuniko wa ile hautakaa kwenye hii.

Ufaransa wameweka idadi. Shaba kumi na mbili tu ndizo zinazohesabiwa kuwa halisi kutoka kwenye umbo moja: nane zenye namba za kawaida na nne zenye namba za Kirumi. Zaidi ya hapo, amri ya mwaka 1981 inataka kipande kiandikwe kwamba ni nakala. Rodin aliipa serikali kazi zake zote mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kufariki, pamoja na haki ya kuzimimina, na jumba lake la makumbusho linaendelea kumimina hadi leo ndani ya hesabu hiyo. Mtu amefariki zaidi ya karne moja iliyopita na kazi halisi ya mkono wake bado inaweza kuzaliwa. Fundi yeyote wa uani anaelewa jambo hili bila kushangaa. Ukiwa na umbo, unacho kitu.

Basi nikaja kwenye swali la pili, nalo ndilo lililoniweka macho.

Nilianza na sanamu ya Hawa aliyoifanya Rodin, kwa sababu kisa chake Rodin alikisimulia mwenyewe. Mwaka 1881 alikuwa akifinyanga Hawa mkubwa sawa na mtu, ili amsimamishe karibu na ule mlango wa jahanamu alioagizwa na serikali mwaka uliotangulia. Mwanamke wa Kiitalia alikuwa akimsimamia, yaani akisimama uchi mbele yake ili mwili wake uigwe. Rodin akaona kila siku anabadilisha mstari wa tumbo na nyonga. Leo amefinyanga, kesho akitazama hailingani tena na mwili ulio mbele yake, anasahihisha, keshokutwa tena. Hakuuliza. Alifuata alichokiona, mpaka siku alipoambiwa kwamba mwanamke ni mjamzito. Studio ilikuwa na baridi, kusimama uchi kukamshinda, akaacha kuja. Sanamu ikabaki pale ilipofikia, ngozi haijalainishwa, na Rodin akaikubali hivyo hivyo. Mwaka 1899 alipoionyesha hadharani alitaka kitako chake kizikwe mchangani, ili Hawa asimame chini, sawa na watazamaji.

Mimi kilichonishika ni yale majuma ambayo mwanamke alijua na mwanamume hakujua. Alisimama amejikunja, mikono imefunika kifua, kichwa kimeinama, na wote huona hapo aibu ya Hawa aliyefukuzwa bustanini. Sasa siwezi kuona aibu. Naona mama anayekinga mimba yake na baridi ya Paris. Kwetu Wamakonde wana kinyago cha mwili kiitwacho njorowe, kifua na tumbo la mwanamke mjamzito lililochongwa kwa mti, ambalo mwanamume hulivaa akacheza ngomani. Pale kila mtu anajua anachokitazama. Rodin alikuwa na tumbo lile mbele ya macho na hakulijua, lakini vidole vyake vililifuata kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba leo liko kwenye shaba.

Wataalamu hubishana mwanamke huyo alikuwa yupi. Hutaja majina mawili matatu ya wanawake wa Kiitalia waliokuwa wakifanya kazi hiyo Paris, na mabishano hayajaisha. Mwaka 2008 Hawa mmoja mkubwa wa shaba aliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa zaidi ya dola milioni 18. Na huo si mwisho wa bei. Mwaka 2010, hapo hapo, mgongo wa mwanamke uliochongwa na Henri Matisse, wa mwisho katika minne aliyoifanya tangu 1908 hadi yapata 1930, ulinunuliwa kwa dola milioni 48.8. Ni mgongo tu, mrefu kuliko mimi, uso umegeukia ukutani. Hata kama ungetaka kumtambua usingeweza.

Nilikuwa nimeshakata shauri niandike makala ya hasira. Kisha nikakutana na Apollonie Sabatier.

Huyu alijulikana. Alizaliwa 1822, Paris yote ilimjua, waandishi na wachoraji walikula mezani kwake kila Jumapili, mshairi Baudelaire alimtumia mashairi bila kutia jina lake mwenyewe. Mwaka 1847 mchongaji Auguste Clésinger alionyesha sanamu ya marumaru ya mwanamke uchi anayejipinda juu ya maua, na akamzungushia kijoka mkononi ili isemekane ameumwa na nyoka. Hakuna aliyeshughulika na nyoka. Watu walimtambua Apollonie, na maneno yakaenea kwamba Clésinger hakuchonga bali alimpaka plasta mwili mzima na kuchukua umbo lake kama anavyochukuliwa mwenye kutengenezewa meno. Nimekwenda kumwona, yuko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay. Kwenye paja kuna mabonyeo ya nyama ambayo mchongaji hayabuni kichwani. Mwaka ule watu walikuwa wakizunguka kumtazama ukumbini, na yeye mwenyewe yu hai, anatembea mitaa ile ile, ana miaka ishirini na mitano.

Basi hapo ndipo hasira yangu ilipopoteza njia. Mimi nimelelewa Pwani. Nimefundishwa sitara kabla ya kufundishwa kusoma. Kwetu jina la mwanamke halipigwi mbiu mbele za watu, na wapo wazee ambao hadi leo humwita mke wao kwa jina la mtoto wa kwanza. Nilijiuliza: huenda mwogaji wangu aliomba asitajwe? Huenda alikuwa na mama kijijini, na wadogo, na mchumba, naye akaingia studio kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imefika, akamwambia mchongaji chukua mwili lakini jina niachie? Kama ni hivyo, basi kimya cha kadi ni nguo yake ya mwisho, nami ndiye ninayetaka kumvua.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, na bado naliheshimu. Ila sitara ni kitu anachokivaa mwenyewe au anachovishwa na wanaomjali. Mwenye kadi ile hakuwa akimsitiri mtu. Aliandika mkwaruzo kwa sababu unapunguza bei, aliandika Rudier kwa sababu anaipandisha, na mwanamke hakumwandika kwa kuwa haongezi wala hapunguzi. Akiongeza, humwandika. Tazama shaba za Maillol za miaka yake ya mwisho: hapo jina la Dina Vierny hutajwa bila kusahauliwa.

Dina alizaliwa Chişinău, katika Moldova ya leo, mwaka 1919, akaletwa Ufaransa mtoto. Alikuwa na miaka kumi na mitano alipopelekwa kwa Maillol, mzee wa zaidi ya sabini, akamsimamia kwa miaka kumi. Yule *Mto*, mwanamke aliyelala akianguka kichwa chini kama maji, ni yeye. Vita ilipokuja, Dina, binti wa Kiyahudi, aliwavusha wakimbizi usiku kupitia vijia vya milima ya Pyrénées, mpakani na Hispania, ambavyo Maillol, mzaliwa wa Banyuls huko huko, alimwonyesha. Alikamatwa, akaachiwa, na mwaka 1943 akakamatwa tena na Wajerumani na kufungwa kwa miezi katika gereza la Fresnes. Baba yake aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Maillol alipofariki 1944 baada ya ajali ya gari, mambo ya kazi zake yakawa mikononi mwa Dina. Ndiye aliyesimamia zimiminwe na nani na ngapi, ndiye aliyeipa serikali zile shaba ambazo tangu 1964 zimesimama bustani ya Tuileries hapa Paris, ndiye aliyefungua jumba la makumbusho la Maillol mwaka 1995. Alifariki Januari 2009, ana miaka 89. Ukipita Tuileries na watoto, wale wanawake wakubwa walio kwenye nyasi kati ya ua wa miti uliokatwa ni zawadi yake. Na kadhaa kati yao ni mwili wake mwenyewe, ambao kwanza aliusimamisha, kisha akauhifadhi, kisha akautoa kwa hiari yake.

Hilo ndilo nililomwandikia baba usiku ule, kwa kirefu, kwamba wapo wenye majina na wapo wasio nayo, na wetu hana. Nikamwambia ningekuwa na uwezo kadi ingekuwa na mistari miwili zaidi: *aliyesimama: hajulikani; waliomimina: hawajulikani.* Hata hayo maneno mawili yangemfanya mnunuzi ajue kwamba walikuwepo. Hakujibu. Kwao saa zimetangulia, alikuwa ameshalala.

Mnada ulianza saa nane mchana. Nilikaa kiti cha nyuma. Mambo yalikwenda haraka mno, saa ya ukutani, jozi ya vinara, zulia, kila kitu dakika moja au chini yake. Alipofika yeye, kijana wa aproni alimwinua juu kwa mikono miwili na kumzungusha polepole ili waliokaa pande zote mbili za viti wamwone. Dalali alianzia 2,000. Mzee mmoja wa mbele akapandisha, binti aliyeshika simu naye akapandisha kwa niaba ya mtu aliye mbali. Ilipofika 4,200 mzee akatikisa kichwa. Dalali akatazama chumba chote, akagonga nyundo. Juu ya hiyo huja ada ya mnunuzi, ambayo huweza kufika robo ya bei na zaidi, kwa hiyo mtu wa kwenye simu alilipa zaidi ya elfu tano.

Simu yangu ikatetemeka hapo hapo. Nikaweka spika ndogo sikioni.

"Mama, nimeikuza ile picha ya kwapa. Nimeitazama tangu alfajiri. Ile mistari ya tupa haikulala kama ya watu wengi, imelalia upande wa pili. Aliyesugua pale alikuwa na shoto, kama wewe. Nenda kamtazame tena, kwapa la pili, uniambie kama nakosea."

Nikanyanyua macho. Kijana wa aproni alikuwa ameshamviringisha ndani ya blanketi la kijivu, miguu tu ikionekana, na kwa mkono mmoja alikuwa akitafuta kamba.